Mmarekani na gari dogo la dizeli: penzi la kuachana na kurudiana

MPWA wangu aishiye Minnesota, Marekani, hunipigia simu Jumamosi jioni, wakati sisi huku tunajiandaa kwa chajio naye huko ndiyo kwanza anakunywa chai ya asubuhi. Kwa kawaida mazungumzo yetu hayana haraka. Huuliza hali ya mama yake, ambaye ni dada yangu mkubwa, huuliza kama mvua imenyesha, nani ameoa na nani amefiwa. Lakini Jumamosi moja ya Januari mambo yalikuwa tofauti. Aliruka hata salamu.

"Mjomba, nimepata gari," alianza. "Jetta ya dizeli ya mwaka wa 2013. Mwenyewe anasema galoni moja inaenda maili 40. Bei nayo si mbaya. Ninunue?"

Msomaji mpenzi, usilione swali hilo kuwa dogo. Kazi ya kijana huyu ni kutunza wazee na wagonjwa majumbani mwao. Kutwa hutoka nyumba hii akaingia ile, na kwa mwaka gari lake humaliza maili 20,000, yaani zaidi ya kilomita 32,000. Kila dola inayoingia kwenye tangi ni dola isiyofika kwa mama yake, wala kwenye karo ya kitindamimba wao aliye shule ya upili. Gari lake la zamani lilikuwa limeanza kumlilia, na pesa alizokuwa nazo zilikuwa za kununua gari moja tu. Akikosea, hana nyingine.

Nilimwomba anipe juma moja. Si kwamba sikuwa na la kusema, la. Ni kwamba hadithi ya Mmarekani na gari dogo la dizeli ni ndefu na ina mitego, na wasomaji kadhaa wenye jamaa huko wamewahi kuniuliza kuihusu. Basi leo niisimulie yote, kisha nieleze nilivyomjibu mpwa wangu.

Tuanze na dizeli yenyewe. Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa petroli na hewa huwashwa na cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto wa tanuri, kisha dizeli hunyunyiziwa humo na kuwaka yenyewe. Magari mengi ya petroli ya miaka ya sabini yalishindilia hewa mara 8 au 9 hivi. Injini ndogo ya dizeli ya wakati huo ilishindilia zaidi ya mara 20. Ndiyo sababu injini ya dizeli huundwa nzito, hunguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na hunywa mafuta kidogo. Isitoshe, galoni ya dizeli hubeba nguvu nyingi kuliko galoni ya petroli, kwa zaidi ya asilimia 10.

Aliyevumbua mtambo huu alikuwa Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka wa 1858. Injini yake ilifanya kazi vyema kwa mara ya kwanza mwaka wa 1897 mjini Augsburg. Maskini, mwaka wa 1913 alipanda meli kwenda Uingereza usiku, na kulipokucha hakuonekana. Maiti yake iliokotwa baharini siku kadhaa baadaye, na mpaka leo watu hubishana kama alijirusha au alirushwa.

Kwa miaka mingi Mmarekani hakuwa na haja na mtambo huo ila kwenye malori, matrekta na garimoshi. Petroli kwao ilikuwa bei ya maji. Magari yao yalikuwa marefu kama mashua, na kufikia mwaka wa 1974 gari jipya la kawaida lilienda takriban maili 14 tu kwa galoni, ambayo ni kama kilomita 6 kwa lita. Ni nani angejisumbua kuhesabu?

Oktoba 1973 hesabu ikawa lazima. Mataifa ya Kiarabu yenye mafuta yaliikatia Marekani kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati, na ghafla taifa tajiri kuliko yote likapanga foleni kwenye vituo vya petroli. Hata sisi huku bei zilituchoma, lakini sisi tulikuwa tumezoea kupanda basi. Mwaka wa 1974 serikali yao iliweka kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88, nchi nzima. Mwaka uliofuata bunge lilipitisha sheria iliyowalazimu watengenezaji kupunguza unywaji wa mafuta, ili kufikia mwaka wa 1985 magari yao mapya yawe yanafika wastani wa maili 27.5 kwa galoni.

Hapo ndipo gari dogo la dizeli lilipobisha hodi. Mwaka wa 1977 kampuni ya Volkswagen ilianza kuwauzia Wamarekani gari la Rabbit, ambalo kwingineko huitwa Golf, likiwa na injini ya dizeli ya nguvu za farasi 48. Msomaji, farasi 48! Kwenye mlima lilipanda kama mzee anayepanda ngazi, huku nyuma yake watu wakipiga honi. Lakini lilikwenda maili 40 na zaidi kwa galoni, na mapinduzi ya Iran yalipoleta uhaba wa pili mwaka wa 1979, mlima haukuwa tena na maana. Katika California na majimbo mengine mwenye gari la nambari shufwa alinunua petroli siku hii, na mwenye witiri siku ile. Mwenye dizeli yeye alizipita foleni hizo akaenda kujaza pamoja na madereva wa malori, akiwapungia mkono majirani. Raha aliyoipata huyo haikuwa ya kuokoa senti tu. Ilikuwa raha ya mtu aliyebeba mwavuli siku ambayo wenzake walimcheka.

Kila kampuni ikataka kula kwenye sinia hilo. Kulikuwa na Chevrolet Chevette iliyotiwa injini ya dizeli ya Isuzu, Nissan Sentra, Ford Escort iliyotiwa injini ya Mazda, na hata Peugeot 504, ile ile ambayo wasomaji wa rika langu wanaikumbuka ikiwapeleka Nakuru na Kisumu huku abiria wakibanana kama njugu ndani ya ganda. Mercedes nayo iliuza 240D na 300D kwa wingi. Mwaka wa 1981, magari 6 hivi katika kila 100 mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya dizeli. Kiwango hicho hakijafikiwa tena.

Kilichoharibu harusi ni tamaa ya njia ya mkato. General Motors, kampuni kubwa kuliko zote huko, ilitaka dizeli kubwa upesi kwa magari yake makubwa, na kuanzia 1978 ikatoa injini ya Oldsmobile ya silinda 8 na lita 5.7. Iliiunda kwa kufuata mpango wa injini yake ya petroli. Mwili wa injini uliongezwa unene, hilo tuwape. Lakini boliti zinazoshikilia kichwa cha injini ziliachwa kwa idadi na mpangilio ule ule wa petroli, ilhali shinikizo la ndani lilikuwa limepanda maradufu. Boliti zikavutika, gasketi zikapasuka, maji yakaingia kwenye silinda, na injini ikafa. Zaidi ya hayo, haikuwekewa kichujio cha kutenga maji kwenye dizeli, na dizeli ya siku hizo ilikuwa na maji mengi. Wenye magari walipojaribu kutia spiriti ya kukausha maji, kama walivyozoea kwenye petroli, spiriti hiyo ikaharibu mipira ya pampu. Kesi zikafuata. Kufikia 1985 injini hiyo ilikuwa imezikwa.

Rabbit na Mercedes hazikuwa na hatia, lakini nani alijali? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka wa 1986 bei ya mafuta duniani ilianguka vibaya, na Mmarekani akarudia mashua yake. Kiwanda ambacho Volkswagen ilikuwa imekifungua Pennsylvania mwaka wa 1978 kilifungwa 1988. Neno "dizeli" likawa tusi. Ukitaja dizeli mbele ya baba wa makamo huko, angekuhadithia habari za Oldsmobile ya shemeji yake mpaka uombe ruhusa ya kwenda kulala.

Hata hivyo, wapo wachache waliobaki waaminifu. Mercedes zile za miaka ya sabini na themanini zilikataa kufa. Vijana wa vyuoni na watetezi wa mazingira walizinunua kwa bei ya bure, wakazifunga tangi la pili lenye kupashwa moto, kisha wakawa wanapita mikahawani kuomba mafuta yaliyokwisha kukaangia vibanzi. Moshi wao ulinukia jikoni! Wala hilo halikuwa geni. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka wa 1900, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga.

Sasa tufike kwenye Jetta ya mpwa wangu, kwani ndiyo iliyoamsha penzi kwa mara ya pili. Kabla yake ilibidi dizeli yenyewe isafishwe, na kuanzia 2006 sheria za Marekani zilitaka dizeli ya barabarani isizidi sehemu 15 za salfa katika kila sehemu milioni. Kisha, katikati ya 2008, petroli ilipita dola 4 kwa galoni. Jetta TDI ya mwaka wa 2009 ilikuta uwanja umefagiliwa. Serikali iliipima ikaipa maili 30 kwa galoni mjini na 41 kwenye barabara kuu. Haikunguruma, haikutoa moshi mweusi, na ilipokanyagwa iliruka. Ilipewa taji la Gari la Kijani la Mwaka, na aliyeinunua akapunguziwa kodi kwa dola 1,300.

Walioinunua hawakuwa wapenda mbio. Walikuwa walimu, madaktari, watu wenye watoto kwenye kiti cha nyuma na baiskeli juu ya paa. Walikuwa wameambiwa kwamba hii ni dizeli safi, kwamba wangeweza kuokoa pesa na hewa kwa pamoja bila kujinyima chochote. Nao walikuwa mashabiki kwelikweli. Kabla ya hapo, kwa miaka kadhaa, California na majimbo mengine machache hayakuruhusu kuuzwa kwa magari mapya ya dizeli kwa sababu ya masharti ya moshi, na wapo waliokuwa wakingoja gari lifikishe maili 7,500 katika jimbo jingine ili lihesabiwe kuwa kuukuu, ndipo walilete nyumbani. Niambie ni gari gani la petroli limewahi kupendwa hivyo.

Kisha kulikuwa na kiburi cha safari. Passat TDI ya mwaka wa 2012 ilitangazwa kuwa ingeweza kwenda maili 795 kwa tangi moja. Hizo ni karibu kilomita 1,280. Ungeondoka Mombasa ukapita Nairobi, ukapita Eldoret, ukavuka mpaka, ukafika Kampala, na bado ungekuwa na dizeli ya kutafutia nyumba ya mwenyeji. Kwa nchi kubwa kama Marekani, ambako mtu huenda kumwona nyanya yake kwa mwendo wa siku mbili, hilo si jambo la mzaha.

Na ni Passat na Jetta hizo hizo zilizoleta aibu. Mwaka wa 2013 shirika moja la utafiti wa usafiri, ICCT, liliwapa wahandisi wa Chuo Kikuu cha West Virginia kazi ya kupima moshi wa magari ya dizeli barabarani, si kwenye chumba cha majaribio. Wala hawakuwa wakimwinda mtu. Walitarajia kuonyesha jinsi dizeli ya Marekani ilivyo safi ili Ulaya iige. Walifunga mitambo kwenye buti, wakachomeka mabomba kwenye ekzosi, na Passat moja wakaiendesha kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi. Matokeo yaliwaduwaza. Oksidi za nitrojeni, ile hewa chafu inayochangia ukungu wa mijini na kuwasha mapafu ya wenye pumu, zilipita kiwango cha sheria mara 5 hadi 20 kwa Passat, na mara 15 hadi 35 kwa Jetta.

Kampuni ilizungusha maneno kwa zaidi ya mwaka. Hatimaye Septemba 2015 ikakiri. Ndani ya kompyuta ya injini mlikuwa na programu iliyotambua kwamba gari linapimwa. Likipimwa, lilijisafisha likawa malaika. Likirudi barabarani, likaachia. Magari takriban 480,000 ya namna hiyo yalikuwa Marekani, na kama milioni 11 duniani kote. Mkuu wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu mwezi huo huo. Mwaka wa 2016 Volkswagen ilikubali mapatano ya hadi dola bilioni 14.7, na mwaka uliofuata ikakiri makosa ya jinai mahakamani. Mhandisi mmoja alifungwa miezi 40, na meneja mmoja miaka 7.

Wenye magari walipewa nafasi ya kuyarudisha kwa bei ya kabla ya kashfa, pamoja na fidia isiyopungua dola 5,100. Wengi waliyarudisha. Yaliegeshwa kwa maelfu kwenye uwanja wa zamani wa kandanda karibu na Detroit na katika jangwa la California, safu kwa safu, mazima, yasiyo na kasoro ambayo dereva angeiona. Nadhani hilo ndilo lililowauma zaidi wale walimu na madaktari. Gari halikuwa limewaangusha njiani hata siku moja. Liliwaangusha mbele ya watoto wao, waliokuwa wamewaambia kwamba hili ni gari zuri kwa hewa.

Kuanzia 2017 baadhi yake yalirekebishwa kwa idhini ya serikali na kuuzwa tena. Lakini magari mapya ya dizeli ya Volkswagen hayakurudi Marekani. Chevrolet ilijaribu kuziba pengo kwa Cruze ya dizeli, ambayo kwa gia za mkono ilipimwa maili 52 kwa galoni kwenye barabara kuu, gari zuri ajabu, nalo likaisha 2019 kiwanda chake kilipofungwa. Leo Mmarekani akitaka dizeli mpya atanunua pikapu au gari jingine kubwa. Gari dogo jipya la dizeli halipo tena. Anayelitaka atalitafuta kuukuu, kama mpwa wangu.

Basi Jumamosi iliyofuata nilimpigia mimi.

"Maili zako 20,000 unazipataje?" nilimwuliza.

"Kwa wagonjwa wangu, Mjomba. Maili 6 hapa, maili 7 pale."

"Ukifika, injini unaizima?"

"Huwa nakaa saa nzima, wakati mwingine mbili."

Hapo nilishusha pumzi. Zile maili 40 alizoahidiwa ni za barabara kuu, injini ikiwa moto na mguu umetulia. Safari zake ni vipande vipande. Dizeli ya kisasa ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, na kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo ekzosi inapokuwa moto sana kwa muda mrefu. Gari linalozimwa kila baada ya maili 6 halipati joto hilo. Kichujio huziba, taa huwaka, na fundi huko hagusi boneti bure. Tena Minnesota ni nchi ambamo baridi hushuka hadi nyuzi 25 na zaidi chini ya sufuri, dizeli isiyo ya majira ya baridi huganda kama samli, na wenye dizeli wengi hulala na injini imechomekwa kwenye stima ili ipate joto.

Kisha tukafanya hesabu pamoja, yeye akiandika. Tuseme petroli ni dola 3 kwa galoni na dizeli dola 3.70, maana huko dizeli aghalabu ndiyo ghali. Hata kodi ya serikali kuu huipiga zaidi: tangu 1993 ni senti 24.4 kwa galoni ya dizeli, na 18.4 kwa ya petroli. Ulaya kwa muda mrefu walifanya kinyume, ndiyo sababu karibu mwaka wa 2011 zaidi ya nusu ya magari mapya ya Ulaya Magharibi yalikuwa ya dizeli.

Kwa safari zake za mjini nilimpa Jetta maili 32 kwa galoni, nikimwonea muuzaji huruma. Galoni 625 kwa mwaka, dola 2,312. Gari dogo la petroli la maili 28 lingemtoza dola 2,142. Dizeli ilikuwa ghali kuliko petroli!

Kimya kidogo.

"Na zile za petroli na betri?" akauliza.

Toyota Prius ya miaka hiyo hiyo ilipimwa maili 50 kwa galoni, na mjini ndiko hufanya vizuri zaidi, kwa kuwa kila likifunga breki betri hupata chakula. Baridi nayo huipunguza, kwa hivyo tulihesabu 45. Galoni 444, dola 1,333. Tofauti na dizeli ni karibu dola 1,000 kwa mwaka. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi elfu mia moja, na kitindamimba wao anazijua shilingi hizo zinavyotumika.

Sikumwambia dizeli ni mbaya, na sisemi hivyo kwako. Angekuwa mtu wa kuendesha maili 100 moja kwa moja kila asubuhi kwenye barabara tambarare za Iowa, huenda ningemwambia anunue, mradi aone karatasi za marekebisho na ajue kwamba dhamana nyingi za mfumo wa moshi zilizotolewa wakati wa kashfa zimekwisha au zinakaribia kwisha. Moshi pia ni moshi. Mwaka wa 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani, na mtu anayeegesha chini ya dirisha la mgonjwa wa mapafu anafaa kulifikiria hilo.

Lakini vijana ni vijana. Alikuwa ameshalipenda lile gari, rangi yake na viti vyake, akasema atakwenda kuliona tu. Nikampa sharti moja. Injini ya dizeli iliyochoka huficha ugonjwa ikiwa moto. Ikilala nje usiku kucha ndipo husema kweli: kama silinda zimeregea au plagi za kupasha moto zimekufa, itakohoa, itatetemeka na kutoa moshi mweupe. "Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika," nilimwambia. "Na ukifika, kabla hujamsalimu, vua glavu ushike boneti."

Alikwenda siku ya Jumanne, saa moja asubuhi. Theluji ilikuwa imefunika magari yote mtaani isipokuwa hilo moja. Alivua glavu.

"Ilikuwa na joto, Mjomba," aliniambia. "Joto la chapati iliyotoka kwenye kikaango. Nikamwambia ahsante, nikarudi zangu."

Bado anatafuta. Mama yake ameshanipigia mara mbili kuuliza kwa nini namzuia mwanawe kununua gari, na kama hiyo ya betri ikinyeshewa haitamrusha na stima. Hilo nitalijibu Jumapili ijayo, tukijaliwa.